Faini za barabarani Texas: namna ya kuokoa leseni yako kabla haijazuiwa

Mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, mtu wa makamo anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, aliniletea mezani mfuko wa nailoni uliojaa bahasha. Nyingi hazikuwa zimefunguliwa. Wiki ile alikwenda kuhuisha leseni yake, karani akamwambia haiwezekani, kuna zuio. Zuio la nini, hakuelewa. Tulifungua bahasha moja moja mpaka tukaifikia tiketi yenyewe, karatasi iliyokunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo: mwendo kasi, miaka minne iliyopita. Aliisaini, akaitia kwenye pochi, akangoja kuitwa. Kumbe aliitwa mara kadhaa, kwa barua, na barua zote zilikwenda kwenye apatimenti aliyokwisha kuhama.

Tangu siku ile nimewasindikiza wengi mahakamani kwa jambo hilihili, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu. Karibu wote walidhani wamenyimwa leseni kwa sababu hawana hela. Sivyo. Sheria ya Texas inamfungulia asiye na hela milango kadhaa. Anayeumia ni aliyekaa kimya, kwa sababu mahakama haiwezi kutofautisha aliyeshindwa kulipa na aliyekataa kulipa mpaka mtu mwenyewe aende aseme. Mimi si wakili, na kesi nzito inahitaji wakili. Lakini tiketi ya kawaida unaweza kuimaliza mwenyewe ukijua pa kuanzia.

Kwanza, elewa ulichosaini

Askari akikupa tiketi na kukuambia usaini, hujakiri kosa. Umeahidi kwamba utafika mahakamani, au utawasiliana na mahakama, kabla ya tarehe iliyoandikwa pale. Basi. Ukikataa kusaini unajitafutia kukamatwa palepale barabarani, kwa hiyo saini. Na ukishasaini, tambua kwamba ahadi hiyo ina uzito wake peke yake: usipotokea, unaweza kufunguliwa kosa la pili la kutofika, mbali na lile la mwendo kasi. Hivi ndivyo tiketi moja inavyozaa tiketi mbili bila wewe kugusa usukani.

Jambo jingine, nalisema wazi kwa sababu najua tulikotoka. Usijaribu kumalizana na askari dirishani. Huku faini hailipwi barabarani, na kumpa askari hela ni jinai kubwa ya rushwa yenye kifungo cha miaka. Mikono kwenye usukani, leseni, bima, saini, uende zako.

Pili, soma tiketi siku hiyohiyo

Tafuta vitu vitatu: jina la mahakama, namba ya tiketi, na tarehe ya mwisho. Mahakama huwa ya manispaa, yaani ya mji, au ile ndogo ya kaunti ambayo mlangoni imeandikwa “Justice of the Peace”. Watu wengi hupoteza siku nzima ya kazi kwa kwenda mahakama siyo. Mji mmoja wa Texas unaweza kupakana na miji mingine mitano, na ukivuka barabara moja tu umeshaingia kwenye mahakama nyingine. Piga picha tiketi kwa simu, mbele na nyuma. Karatasi hupotea na wino hufutika, nimeona.

Halafu angalia anwani iliyoandikwa. Askari huinakili kutoka kwenye leseni yako. Kama ulihama na hukubadilisha, barua zote zitakwenda kwa mpangaji mpya asiyekujua. Sheria inakupa siku 30 tangu kuhama uwe umeijulisha DPS, ile idara inayotoa leseni. Ukiifikia mahakama, wape pia anwani mpya na namba ya simu inayopokelewa. Kati ya watu wote niliowasindikiza, sidhani kama kuna jambo lililowaponza zaidi ya hili la anwani.

Tatu, usikimbilie kulipa

Hapa najua nitawashangaza wengine. Kulipa faini yote kwenye mtandao ni rahisi, lakini ukilipa umekubali kosa. Linaingia kwenye rekodi yako ya udereva, na kampuni ya bima huliona. Kabla hujabonyeza, jiulize kama tiketi yako ni ya aina inayofutika.

Kama leseni yako ilikuwa imeisha muda, au stika ya usajili wa gari imepitwa, na ukairekebisha ndani ya siku 20 za kazi au kabla ya tarehe yako ya mwisho, hakimu anaweza kufuta shitaka kwa ada isiyozidi dola 20. Kama ulikuwa na bima ila karatasi hukuwa nayo garini, peleka uthibitisho kwamba bima ilikuwa hai siku na saa ile, na shitaka linafutwa. Bima uliyonunua kesho yake haikusaidii hapa, ingawa ni vizuri kuwa nayo. Asiyekuwa na bima kabisa, kosa la kwanza ni faini ya dola 175 hadi 350, na ukirudia inapanda hadi 1,000.

Mwendo kasi una njia mbili. Ya kwanza ni darasa la udereva wa usalama. Unaliomba kabla ya tarehe ya mwisho kupita, unalipa gharama za mahakama, unapewa siku 90 kulimaliza, na shitaka linafutwa. Masharti: uwe na leseni halali ya Texas na bima, usiwe umelitumia darasa hilo ndani ya miezi 12 iliyopita, mwendo usiwe umezidi kikomo kwa maili 25 au zaidi, usiwe umefika maili 95 kwa saa, na isiwe kwenye eneo la ujenzi penye wafanyakazi. Njia ya pili ni kuomba hakimu akuweke kwenye muda wa uangalizi, ambao hauzidi siku 180. Ukikaa bila kosa jipya, shitaka linafutwa.

Ndugu zangu wa malori, hizi njia mbili si zenu. Mwenye leseni ya biashara, CDL, haruhusiwi kufichiwa kosa la mwendo hata kama siku hiyo alikuwa anaendesha gari lake dogo na watoto nyuma. Kwenu ninyi ni bora kuonana na wakili kabla ya kukubali lolote, maana kinachobebwa na tiketi ile ni ajira.

Na kama huna kosa, una haki ya kukana na kusikilizwa. Hata kwa tiketi ndogo, Texas inakuruhusu kudai baraza la wazee sita wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi.

Nne, kama huna hela, nenda kaseme, na useme kabla ya tarehe

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka Houston. Mtu mmoja maskini, Preston Tate, alikuwa amelimbikiza faini za barabarani za dola 425. Hakuwa nazo. Mahakama ya mji ikampeleka kwenye shamba la wafungwa azitumikie kwa dola 5 kwa siku, jumla siku 85. Mahakama Kuu ikasema hapana: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu huwezi kuligeuza kifungo kwa sababu ya umaskini wa mtu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bearden dhidi ya jimbo la Georgia, ikaongeza kwamba kabla ya kumfunga mtu kwa faini isiyolipwa, hakimu lazima achunguze kwanza kwa nini hajalipa. Na mwaka 2017 bunge la Texas likaandika kwenye sheria zake kwamba hakimu anapotoa hukumu ya faini mtu akiwa mbele yake, amuulize kama ana uwezo wa kuilipa.

Kwa hiyo ukisema “sina uwezo wa kulipa” huombi fadhila. Unajibu swali ambalo hakimu anatakiwa kukuuliza. Niliona jinsi mama yule wa Uvira alivyoona haya kusema maneno hayo mbele ya watu. Alizoea kwamba umaskini hautangazwi. Nilimwambia, mama, hapa huombi, hapa unatoa ushahidi, kama unavyotoa cheti cha kuzaliwa.

Fanya hivi. Piga simu au fika kwenye dirisha la makarani, sema unahitaji kusikilizwa kuhusu uwezo wa kulipa. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, siyo asubuhi ya kesi, na usilipie. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, au kama lugha unayoielewa hasa ni Kibembe au Kinyarwanda, liseme hilo. Mara nyingi mkalimani huja kwa njia ya simu, na nimesikia mkalimani wa pwani na baba mmoja aliyetoka Fizi, Kongo, wakipishana kwa dakika kumi juu ya neno moja. Usiitikie “ndiyo” ili mambo yaishe. Sema hujaelewa.

Siku yenyewe chukua hati za malipo ya mshahara za mwezi au miwili, mkataba wa nyumba, na barua ya msaada wowote mnaopata: stempu za chakula, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), WIC (msaada wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo). Andika kwenye karatasi moja, kwa mkono inatosha, hela inayoingia kwa mwezi na inayotoka, kodi, umeme, chakula, watoto wangapi. Hakimu ana kesi nyingi asubuhi hiyo. Karatasi moja iliyonyooka inasema kuliko maelezo marefu.

Kisha omba mojawapo ya haya, au mchanganyiko:

Kulipa kidogokidogo. Taja kiasi unachokiweza kweli. Mtu anayeahidi dola 100 kwa mwezi kwa aibu, halafu akakosa mwezi wa pili, yuko pabaya kuliko aliyesema 25 akazilipa. Malipo yakivuka siku 30 huongezwa ada ya dola 15, mara moja.

Kazi za jamii. Kila saa 8 zinakata dola 100 au zaidi, na hakimu hatakiwi kukupangia zaidi ya saa 16 kwa wiki isipokuwa ameona hazitakuumiza. Siyo lazima iwe kufagia bustani. Sheria inakubali mafunzo ya kazi, darasa la kujiandaa na mtihani wa kumaliza sekondari, na shughuli nyingine za namna hiyo. Kama unasoma Kiingereza jioni, muulize hakimu kama saa hizo zinaweza kuhesabiwa.

Kupunguziwa au kusamehewa. Hakimu ana mamlaka hayo akiridhika kwamba huna uwezo na kwamba kazi za jamii zingekuwa mzigo mno kwako, kwa mfano mgonjwa, au mama mwenye watoto wadogo asiye na wa kumwachia.

Na kama hali imebadilika baada ya hukumu, umepoteza kazi au umelazwa, rudi uombe masharti yabadilishwe. Usingoje ukose malipo kwanza.

Tano, kama tarehe imeshapita

Hali hii ndiyo iliyomkuta mama yule, na ndiyo inayowakuta wengi wanaonipigia simu. Mambo mawili hutokea.

La kwanza ni zuio la leseni. Texas ina mpango unaoendeshwa kwa niaba ya jimbo na kampuni iitwayo OmniBase. Mahakama iliyojiunga nao ikiona hukufika au hukulipa, inapeleka jina lako, na DPS inakataa kuhuisha leseni yako mpaka jambo liishe. Siyo kila mahakama imejiunga. Angalia kwenye tovuti ya texasfailuretoappear.com kwa namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa. Itakuonyesha mahakama ipi na kesi ipi. Kwa kila kesi kuna ada ya dola 10. Kama mnapata stempu za chakula, WIC au Medicaid, au kipato cha nyumba kiko chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, sheria inakuhesabu kuwa huna uwezo na ada hiyo hutakiwi kuilipa. Makarani wengine hawalisemi mpaka uulize. Uliza.

Zingatia neno hili: zuio la kuhuisha ni tofauti na kufungiwa leseni. Wakati leseni yako haijaisha muda, zuio halikunyang'anyi haki ya kuendesha. Likikukuta leseni imeisha, umekatazwa kuhuisha, na bado ukaendesha, hilo ni kosa jipya lenye faini hadi dola 500. Ukitiwa hatiani tena kwa kosa hilohilo, linapanda daraja na linaweza kubeba jela hadi siku 180. Hapo sasa ndipo faini ndogo inapokuwa kesi ya jinai yenye jela, na kwa sisi wahamiaji kukamatwa kuna athari zake. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kuhusu kukamatwa. Asiye na karatasi za ukaazi asiende mahakamani bila kuzungumza na wakili wa uhamiaji kwanza.

La pili ni hati ya kukamatwa. Hapa watu huingiwa na hofu, wakakaa mbali na mahakama kwa miaka, wakikwepa barabara kubwa na kuendesha usiku tu. Nawaelewa. Lakini sheria ya Texas inasema kinyume cha hofu hiyo: ukienda mwenyewe kwa hiari kabla hujakamatwa, na ukaonyesha nia ya kweli ya kulimaliza jambo, hakimu anatakiwa aifute hati ile ya kutofika. Ile nyingine, ya faini ambayo imeshahukumiwa na haikulipwa, iliyoandikwa “capias pro fine”, nayo hufutwa kwa njia hiyohiyo. Piga simu kwanza, uliza siku ambayo mahakama hupokea watu bila miadi, muulize karani kama hakimu yupo. Nenda asubuhi mapema, na mtu wa kukusindikiza.

Mama yule tulikwenda siku ya Alhamisi. Alivaa kitenge chake kizuri na viatu vya kanisani. Tulipofika dirishani mikono ilikuwa inamtetemeka hata karatasi zikadondoka, na karani, binti mdogo tu, akatoka nyuma ya kioo akamwokotea. Hakuna aliyemkamata. Hakimu alitazama barua yake ya stempu za chakula, akauliza maswali manne, akamruhusu kulipa dola 25 kwa mwezi.

Sita, omba zuio liondolewe siku hiyohiyo

Watu husahau hili, wakaishi na zuio miezi yote wanayolipa. Zuio siyo lazima lingoje senti ya mwisho. Sheria inaruhusu liondolewe pale mahakama inapofanya na wewe mpango unaofaa wa kulipa, kwa uamuzi wa hakimu. Kwa hiyo kabla hujatoka mbele yake, sema: naomba mahakama iijulishe OmniBase kwamba jambo langu limepangwa, ili nihuishe leseni niweze kwenda kazini. Hakimu anaweza kukataa. Wengi wa niliowaona hawakukataa, kwa sababu mtu asiyefika kazini halipi faini.

Kama umezuiwa na mahakama mbili au tatu, kila moja uimalize kivyake. Moja ikibaki, leseni haitoki.

Mambo mengine yanayochanganywa na haya

Ile tozo ya ziada ya kila mwaka ambayo Texas ilikuwa ikiwatoza madereva tangu 2003 ilifutwa tarehe 1 Septemba 2019, na madeni yake ya watu zaidi ya milioni moja yakafutwa pamoja nayo. Kama leseni yako ilifungiwa kwa ajili ya tozo hiyo tu na hujawahi kuangalia tangu wakati huo, angalia leo. Nimekutana na baba aliyekaa miaka akipandishwa lifti na watoto wake kwa deni ambalo halikuwepo tena.

Madeni ya barabara za kulipia ni jambo jingine. Hayo hugusa zaidi usajili wa gari kuliko leseni, hasa ukifikisha malipo 100 yasiyolipwa ndani ya mwaka.

Na tiketi ya jimbo jingine usiiache ukidhani imebaki huko. Majimbo mengi, Texas ikiwemo, yamefunga mkataba wa kujulishana, na jimbo lako linaweza kukufungia leseni kwa tiketi uliyoiacha Oklahoma. Mwenye ndugu majimbo mengine naye amweleze kwamba sheria zinatofautiana sana: California iliacha kufungia leseni kwa faini isiyolipwa mwaka 2017, Virginia mwaka 2020, na New York tangu 2021 inampa mtu mpango wa kulipa dola 25 au asilimia 2 ya kipato chake cha mwezi, kile kilicho kikubwa. Asome sheria ya kwake, siyo ya Texas.

Mwisho, karatasi

Kila unacholipa, dai risiti yenye namba ya kesi. Kila saa ya kazi za jamii, fomu isainiwe siku hiyohiyo. Baada ya siku chache za kazi rudi kwenye tovuti uangalie kama jina limeondoka. Likiwa bado lipo, piga simu mahakamani ukiwa na risiti mkononi, siyo DPS, maana DPS haiwezi kuliondoa bila kujulishwa. Likishaondoka, kuhuisha leseni ni dola 33 kwa miaka 8, na hakikisha anwani wanayoiandika ni ile unayolala leo.

Mama yule risiti zake anazitunza kwenye mfuko uleule wa nailoni, zimefungwa kwa mpira, ya mwezi huu juu.